Waya wa Vichwa Viwili

Kila mwaka Julai ikielekea ukingoni, watu wa mji huu wanapoanza kupaka chokaa kuta za mbele na kuazimana viti, mimi tumbo hunikata. Mke wangu anajua. Hunichemshia chai ya tangawizi, ananiacha nikae barazani, wala haniulizi kitu. Nane Nane inakuja. Wengine wakilisikia jina hilo wanawaza mbuzi wa maziwa, muziki na mahindi ya kuchoma. Mimi nasikia jenereta.

Nawaandikia nyie vijana wawili mliokuja juzi kuniomba ngazi. Mlinipa shikamoo safi, nikafurahi, mkasema mmepata kazi ya kufunga taa kwenye mabanda kule viwanjani na ngazi yenu imevunjika. Nikasema nitafikiri. Mkaondoka mnanong'ona kwamba mzee Aloisi siku hizi kawa mchoyo. Nilisikia, masikio yangu bado mazima. Sikuwanyima kwa uchoyo. Mmoja wenu alikuwa amening'iniza begani waya wenye plagi huku na plagi huku, na huo ndio ulionizuia. Someni hii kwanza, kisha mje tuzungumze habari za ngazi.

Nilifanya kazi ya laini za umeme mjini hapa miaka ishirini na sita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kwenye gari la dharura. Ukikatika waya Kihonda, ni sisi. Paka akiungua kwenye transfoma Mji Mpya, ni sisi. Na niwaambie mapema kabisa, msije mkadhani nasimulia mambo ya watu wengine: waya wa vichwa viwili kama ule wenu niliwahi kuutengeneza mimi, kwa mikono hii, nikampa jirani kwa moyo mweupe, na nusura umuue mzee aliyenifundisha kazi. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mengine yote humu ni njia ya kuifikia.

Mzee huyo alikuwa Sefu, foromani wetu. Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mpana wa kifua, na sauti ya kuita ng'ombe. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo siku ya kwanza tu nilipofika kazini nikitokea Kinole alinitangaza mbele ya wenzangu: Mluguru hawezi nguzo, amezoea milima kwa sababu milima haitikisiki. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi naye amezoea kubebea watu mizigo, basi abebe ngazi. Wenzangu wakajua nimeshafukuzwa kabla ya saa nne. Mzee alicheka hadi akakohoa, kisha akaibeba ngazi kweli mpaka kwenye gari. Tangu siku hiyo nikawa mtu wake.

Alinifundisha kwa mdomo na kwa makofi ya kisogoni. Usivae pete. Usipande ukiwa umegombana nyumbani, maana mawazo yatabaki chini na mwili utakwenda juu peke yake. Usimwulize mtu kama umeme upo, pima mwenyewe. Siku kipimo kimeharibika, na mara nyingi kilikuwa kimeharibika, alikuwa anagonga waya kwa mgongo wa kidole, kwa sababu kiganja kikipigwa kinafumba na kuukumbatia waya, ila mgongo wa mkono unarushwa nje. Nyie msiige hilo. Vipimo siku hizi vinauzwa kila duka la vifaa vya umeme, nunueni.

Lakini sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya fyuzi. Laini ikiharibika, mnakwenda kwanza kwenye transfoma, mnachomoa fyuzi za mtaa ule, na fyuzi hizo haziachwi garini wala hapewi mlinzi. Anazitia mfukoni yule atakayebaki chini, anafunga kifungo cha mfuko, anasimama chini ya nguzo, na haondoki hapo hadi aliye juu ateremke. Hata mvua inyeshe. Hata haja imbane. Mzee Sefu alikuwa akiniambia, "Ukiwa na fyuzi, una roho yangu mfukoni." Katika mji wenye njia moja tu ya umeme kuingia mtaani, sheria hiyo ilitosha. Hakuna fyuzi, hakuna umeme, mtu anapanda akiimba. Na yeye aliimba kweli, nyimbo za kwao za kulima, vibaya mno.

Makosa yangu mengine yalikuwa ya kuchekesha. Mwaka wa kwanza sikukuu ya wakulima ilipohamia Nane Nane kutoka Saba Saba, tulipelekwa viwanjani kufunga umeme kwenye mabanda. Kulikuwa na banda la mpunga kutoka Dakawa, na ndani yake feni kubwa ya kupepetea, ya njia tatu za umeme. Njia tatu, mkizibadilisha mbili, mashine inazunguka kinyume. Mimi nilizibadilisha. Mgeni rasmi akasogea na suti yake nyeusi, akabonyeza kitufe, na badala ya pumba kwenda nyuma ya banda zikamjia yeye mzima mzima. Wacheza ngoma waliacha kupiga. Mzee Sefu alinisukuma nikampanguse bwana mkubwa kwa kitambaa changu cha jasho, na nilimpangusa kuanzia masikioni. Jioni yake nilipigwa kofi moja la kisogo, tukacheka njia nzima kurudi mjini.

Nawaambia haya mjue kwamba hata mimi niliwahi kuipenda Nane Nane. Haikunianzia kwa hofu.

Hofu iliingia taratibu, enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Nyie mmezaliwa mmekuta kila kitu dukani, kwa hiyo hamjui ilivyokuwa. Ghafla vitu vilikuja: friji za mitumba, redio, pasi, feni, na jenereta ndogo za kubeba kwa mkono mmoja, zilizopangwa barabarani pale Msamvu pembeni ya nyanya. Wakati huohuo viwanda vya hapa vilikuwa vinauzwa au vinafungwa, watu wanapunguzwa kazi kwa makundi, na kila aliyepunguzwa anachukua kiinua mgongo chake anatafuta biashara. Na biashara ya mji huu ilikuwa Nane Nane. Wiki ile moja ndiyo watu waliipangia mwaka mzima.

Mji ulikuwa unageuka. Gesti zilijaa hadi watu wakalala kwenye mabenchi ya baa. Nyumba za kawaida zikawa gesti: familia inahamia jikoni, vyumba wanapewa wageni. Ndugu walishuka kutoka Mgeta na Matombo na vikapu vya mboga, wanakuja kuona maonyesho, wanalala saba chumba kimoja kwa shangazi. Mama mkwe wangu alishuka kumwona ng'ombe wa kizungu, akarudi amenuna, akasema ng'ombe yule amefungwa kama mgonjwa na kiwele chake kinatia huruma. Muuza maji, muuza kanga, mshona viatu, wote walipata. Sikatai. Watoto wengi wa mji huu walivaa sare za shule kwa sababu ya Nane Nane.

Ila umeme haukuongezeka. Ulikuwa mgao, na viwanjani haukatwi, kwa hiyo mitaani ndiko ulikokatwa zaidi. Sisi wa laini tulitukanwa wiki nzima. Tunapita na gari, wanawake wanatupungia friji zao, yaani wanafungua mlango wa friji barazani ili tuone samaki wanavyolegea. Na vifaa vyetu vyote vilikuwa viwanjani: magari mawili kati ya matatu, ngazi ndefu, na mnyororo wa ethi. Mnyororo huo ni kitu cha kuning'iniza kwenye waya zote na kuufunga kwenye chuma kilichopigwa ardhini, ili mtu yeyote akirusha umeme kutoka popote, umeme uende chini usikupite wewe. Tulikuwa nao mmoja. Kwa sababu ya fyuzi, tuliuona kama pambo.

Sasa jirani yangu Kihonda alikuwa Mama Tunu. Mjane, mama wa watoto wawili, alikuwa amepunguzwa kiwandani mwaka ule baada ya miaka kumi na mitatu ya kusimama kwenye mashine. Kiinua mgongo chake kilikwenda kwenye friji moja ya kugandisha na jenereta moja ndogo iliyotumika. Alipanga kuuza barafu na juisi ya ukwaju, na vyumba viwili vya mbele awape wageni wa maonyesho. Siku tatu kabla ya Nane Nane aliniita. Alitaka jenereta ikiwaka friji ifanye kazi, na taa za wageni ziwake, bila kutandaza waya sakafuni watoto wakajikwaa.

Fundi yeyote anayejua anajua kwamba panahitajika swichi ya kubadilishia, ile inayochagua ama huku ama kule. Hapakuwa na pesa ya swichi hiyo. Kulikuwa na njia ya mkato ambayo mafundi wote wa mtaani walikuwa wameanza kuitumia. Unachukua waya, unafunga plagi ncha hii na plagi ncha ile. Moja inaingia kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Nilikaa kwenye kigoda chake nikautengeneza dakika ishirini. Nikamwambia, tena kwa kidole: kabla hujawasha jenereta, zima mein swichi, kwa sababu usipozima, umeme wako utatoka nje ya nyumba ukapande nguzoni. Alirudia maneno yangu mara mbili. Alikuwa mwanamke makini. Sikuchukua kitu, alinipa gilasi ya ukwaju.

Nilijua ni mwiko. Wafanyakazi wa shirika la umeme tulikatazwa kufanya kazi za nyumba za watu, na mwaka ule orodha ya watakaopunguzwa kwetu ilikuwa inaandaliwa. Kila asubuhi tulikuwa tunatazama ubao wa matangazo kabla ya kusalimiana. Kwa hiyo sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Siku moja kabla ya Nane Nane, kama saa nane mchana, lori kutoka upande wa Dakawa lilifika limejaa mbao za kujengea banda, dereva wake akaingia mtaani kwetu kutafuta gesti. Mbao zikanasa waya. Waya ukakatika katikati ya mtaa, kipande kimoja kikabaki upande wa transfoma, kingine kikaning'inia upande wa mwisho wa mtaa. Tuliitwa. Nilipoona gari linakata kona kuingia mtaani kwangu, moyo ulinipiga kidogo. Kidogo tu, wakati huo.

Upande wa mwisho kulikuwa na nyumba tatu. Ya tatu ilikuwa ya Mama Tunu.

Tulifanya kila kitu kama tulivyofundishwa. Tulikwenda kwenye transfoma nikachomoa fyuzi, nikazitia mfukoni, nikafunga kifungo. Umeme wenyewe haukuwepo, mtaa ulikuwa kwenye mgao hadi saa kumi na mbili. Mzee Sefu alivaa mkanda, akapanda nguzo iliyoshika kile kipande cha mwisho. Akagonga waya kwa mgongo wa kidole. Umekufa. Akaanza kuimba.

Nami nikasimama chini, nikatazama mtaani. Nyumba ya Mama Tunu ilikuwa nguzo mbili mbele, nilikuwa naiona. Ndipo hofu iliponishika sawasawa. Jenereta ilikuwa kimya. Nikajiambia kazima mein swichi, nilimwelekeza. Nikajiambia pengine kaenda sokoni. Nikajiambia mzee atamaliza sasa hivi. Jasho lilikuwa linanitoka kwapani linateremka hadi kiunoni, na mchana wenyewe wa Agosti una ubaridi wake, mnaujua upepo unaoshuka milimani.

Ningeweza kupaza sauti nikasema, mzee, teremka kwanza, kuna jenereta nyumba ile na waya wake nimeutengeneza mimi. Maneno kumi na kitu tu. Lakini pale palikuwa na dereva wetu, na mtaa mzima umetoka kutazama, na orodha ilikuwa inaandikwa. Nilichofanya ni kuanza kutembea polepole, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Nilifikiri nitakimbia hadi kwa Mama Tunu, nichomoe, nirudi, pasiwe na anayejua. Nilifika hatua ishirini.

Mzee Sefu akaacha kuimba.

"We Aloisi! Unakwenda wapi na roho yangu mfukoni?"

Watu wakacheka. Nikasimama. Nikatazama mbele kwa Mama Tunu, nikatazama nyuma juu kwa mzee. Ilikuwa ni sheria yake, na niliitii maisha yangu yote, na siku hiyo niliitii kwa sababu ilinipa nafasi ya kutokusema. Nikarudi chini ya nguzo. Yeye akaurudia waya, akaukamata kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukashika kile kipande kingine ili akivute.

Jenereta ikawaka. Mnaijua sauti yake, inakohoa mara mbili halafu inashika.

Sikumsikia akipiga kelele. Watu hudhani mtu akipigwa na umeme anapiga kelele. Nilisikia koleo likianguka pembeni ya mguu wangu. Nilipotazama juu, alikuwa amekakamaa, kichwa kimekwenda nyuma, viganja vyote viwili vimefumba. Mimi nilikuwa na fyuzi mfukoni, nimezikamata kwa nje ya kitambaa, kana kwamba zina kazi yoyote.

Nilikimbia. Sijui nilivyofika. Kumbukeni hili: usichomoe plagi ya ukutani kwanza, kwa sababu meno ya plagi ile yatatoka yakiwa na umeme na yatakumaliza wewe. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jenereta uani, nikaizima kwa swichi yake. Mama Tunu alikuwa amesimama na bakuli la barafu. Nikamuuliza mein swichi vipi, akasema iko ndani ya chumba cha mbele, juu ya mlango, na mgeni wake kafunga chumba kaondoka na ufunguo kwenda viwanjani, na barafu ilikuwa inayeyuka. Alisema hivyo tu. Halafu akasikia kelele za watu barabarani, bakuli likamtoka mikononi.

Mzee alikuwa ananing'inia kwenye mkanda. Mimi na dereva tulimteremsha kwa kamba, tukamlaza mchangani, hana pumzi. Nilimkandamiza kifua kama tulivyoonyeshwa siku moja kwenye semina ambayo wote tulisinzia. Nilihesabu kwa sauti. Nilikuwa nalia na kuhesabu, nikikosea hesabu naanza upya. Alipovuta pumzi ya kwanza ilitoka na sauti mbaya, sauti ya mlango mkavu, na sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko hiyo.

Alilazwa wiki tano. Nje mji ulikuwa unasherehekea, magari ya matangazo yanapita hadi karibu na wodi, na mimi nimekaa pembeni ya kitanda na machungwa kwenye mfuko wa plastiki. Siku ya tatu alifumbua macho vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Akauliza jambo moja.

"Fyuzi zilikuwa wapi?"

"Mfukoni, mzee."

"Basi hatukukosea," akasema, akafumba macho tena.

Nililia njiani kurudi Kihonda, mtu mzima, mchana, watu wananipita na maputo.

Wakubwa wa shirika walikuja mtaani kuuliza. Waya walikuwa nao mkononi, na walijua maana yake. Walimwuliza Mama Tunu ni nani aliyemtengenezea. Mimi nilisimama pale pale, hatua nne, nimeshika daftari la foromani. Alisema aliununua kwa mmachinga pale Msamvu, hamjui jina. Aliyasema hayo anatazama chini. Walimwambia maneno makali sana, wakamchukulia jenereta, naye hakujitetea. Jioni nilipokwenda kwake alikuwa anamwaga juisi ya ukwaju iliyochacha. Alinikatiza kabla sijafungua mdomo.

"Wangekufukuza, fundi, nawe una watoto watatu. Mimi kupunguzwa nakujua."

Orodha ilibandikwa Oktoba. Jina langu halikuwemo. La mzee Sefu pia halikuwemo, ila alirudi kazini na vidole viwili vya mkono wa kulia visivyokunjika, na hakupanda nguzo tena. Ilibidi mimi niwe wa juu na yeye awe wa chini. Mnyororo wa ethi tukaanza kuufunga kila mara, pande zote mbili za kazi, yeye mwenyewe ndiye aliyeshikilia hivyo. Alikagua waya za mtaa mzima kabla sijakanyaga ngazi, akabisha hodi nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna jenereta. Huo ndio utaratibu mnaotakiwa kuufuata nyie, msije mkaniambia mteja ana haraka.

Lakini mimi mwaka ule mzima sikulala vizuri. Kila aliponiita, "Aloisi," nilidhani sasa ananiuliza. Tulikunywa chai pamoja, akishika kikombe kwa mkono wa kushoto, na nilikuwa nasubiri aniulize, na haniulizi. Aliendelea na utani wake, Mluguru hivi, Mluguru vile. Utani ule ulinitisha kuliko kimya. Nilijiuliza, anajua? Waya ule aliletewa kuuona, nilisikia, akaufungua plagi mwenyewe kwa bisibisi. Na ufungaji wangu wa waya ndani ya plagi ulikuwa wake yeye, alinifundisha yeye, na nilikuwa sijaona fundi mwingine mjini anayefunga hivyo.

Nane Nane ikarudi. Alasiri ya siku ya mkesha tuliitwa Tungi, karibu na viwanja, nguzo imeegemewa na banda la muuza vinywaji na waya mmoja umelegea. Mgao kama kawaida, na jenereta zilikuwa zinanguruma pande zote, siwezi kuzihesabu, kila banda, kila gesti. Mzee alizunguka, akauliza, akafanya aliyoyafanya. Nikapanda. Alikuwa anafunga mnyororo upande wa pili wa banda, na kutoka juu sikuweza kuona mikono yake wala kama mnyororo umeshika, niliona kofia yake tu.

Nilipofika kwenye waya nikajifunga mkanda. Nikanyoosha mkono, nikausimamisha. Nikamwita kama ilivyo desturi.

"Mzee, nishike?"

Alitoka nyuma ya banda akasimama chini yangu, akanitazama, jua la alasiri limemkalia usoni.

"Aloisi," akasema, bila kupaza sana. "Ule waya wa Mama Tunu. Nani aliutengeneza?"

Alikuwa na mwaka mzima wa kuniuliza. Aliniuliza pale. Niliangalia waya, ulikuwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye vidole vyangu. Nilisikia zile jenereta zote. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeukariri miezi kumi na miwili, mmachinga, Msamvu, jina halijulikani. Ningeusema, na angenyamaza, na ningeteremka salama au nisingeteremka, hilo sikulijua. Niliogopa waya, na nilimwogopa yeye, na mwisho nikawa nimechoka kuogopa.

"Mimi, mzee. Niliutengeneza mimi."

Alivua kofia. Akaipiga gotini mara mbili kutoa vumbi, akaivaa tena, akaiweka sawa kwa mkono wa kushoto. Watu wa banda wakaanza kutazama juu. Kilichokuwa moyoni mwake sikukijua wakati ule, na sikijui leo. Amezikwa kwao Tabora, nilikwenda kumzika, na hatukuwahi kulizungumza tena neno hilo.

"Haya," akasema. "Shika waya. Watu wanasubiri."

Nikafungua kiganja, nikaushika. Ulikuwa wa baridi, umekufa.